Inavunjikia Pembeni ya Kiraka

Juzi nilipita nyuma ya stendi ya Kayanga nikawakuta, vijana, mmeizunguka ile jeti yenu mliyoichonga kwa maboksi meupe ya kubebea samaki. Mguu mmoja umeng'oka na kuondoka na kipande cha tumbo. Huyu analaumu gundi, yule anamlaumu aliyeshika rimoti, mwingine anasema upepo. Upepo gani, jamani? Siku hiyo hata majani ya migomba yalikuwa yametulia. Nilisimama, nikatazama, nikajiendea zangu kwa kuwa hakuna aliyeniuliza kitu. Sasa mmeniuliza. Kaeni basi, na msinikatize katikati, mimi nikikatizwa nasahau.

Mimi Laurenti ni seremala. Nimefanya kazi katika karakana ya mradi wa maji hapa Kayanga, kuanzia vile vita vya mpakani vilipokwisha mpaka mradi ulipofungwa miaka ya tisini. Kazi yangu rasmi ilikuwa milango, madirisha, meza za ofisi na mbao za kumiminia zege. Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kukaza jeti za kuchezea za Bwana Henrik, mhandisi wetu. Milango yangu ipo mpaka leo na hakuna anayeisifu. Jeti hazipo, lakini watu bado wananiita Laurenti wa Ndege. Mnacheka? Chekeni tu. Mimi sikucheka sana wakati ule, kwa sababu jeti hizo zilimfukuza mama yangu nyumbani kwangu, na kwa muda mrefu sikujua kama atarudi.

Tuanze na Mama, ndipo mtanielewa. Alikuwa ameolewa kule upande wa Kyaka, karibu na mto. Vita vilipofika, ndege za kivita zilipita juu ya mashamba yao asubuhi moja, na mdogo wangu Adela alikuwa peupe anapalilia maharage. Hakupata pa kukimbilia. Mama alikuwa migombani, ndiyo maana yeye alipona. Alikuja Karagwe kwa miguu na kifurushi kichwani, baba alikwisha kufariki zamani, nikampeleka Bweranyange kwenye kibanja changu, shamba langu la migomba. Pale alilima, alisuka vikapu, alicheka na majirani kama kawaida. Ila alikuwa na jambo moja. Hakupita peupe. Kwenda kisimani alizunguka kwa kufuata migomba, hata kama njia ya malishoni ilikuwa fupi. Hatukumsema. Kila mtu aliyetoka kule alikuwa na lake.

Miaka ikapita, akaja Bwana Henrik kutoka Ulaya na makreti mawili marefu. Sisi karakana nzima tulidhani ni vipuri vya pampu, tukayafungua kwa furaha, kumbe ndani mna mabawa. Zile hazikuwa jeti za kuchoma moto kama hizo mnazoonyeshana kwenye simu. Tumboni mlikuwa na injini ndogo iliyokunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, nayo ilizungusha feni ndani ya bomba. Lakini mlio sasa! Mlio ulikuwa wa jeti kabisa, unaanza mbali, unapanda, unakupita kichwani kabla hujajua unatoka wapi.

Alitafuta mahali pa wazi pa kurushia, nami, kwa kiherehere changu, nikamwonyesha uwanja wa malisho wa kule kwetu Bweranyange. Tukaenda Jumapili baada ya misa. Sikumwambia Mama. Mtu anamwambia mama yake kuhusu kitu cha kuchezea? Basi ile jeti ikapanda. Ilipogeuka na kushuka kuelekea kijijini, watu wote walitoweka. Wanaume waliokuwa wanakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, waliingia migombani na vibuyu vyao mkononi, na nasikia hakuna aliyemwaga hata tone. Mwenyekiti wa kijiji alikutwa ndani ya shimo la kuivishia ndizi. Tulicheka wiki nzima juu ya shimo lile.

Mama tulimpata jioni. Alikuwa amelala kifudifudi katikati ya kibanja, amejifunika majani makavu ya migomba mpaka kichwani. Nilimwita, hakuitika. Nilipomgusa alinishika mkono akaniuliza, "Adela yuko wapi?" Kesho yake akafunga kifurushi chake, akasema anakwenda Mabira kwa kaka yake, mjomba Sospeter.

"Mama, ni mchezo tu. Ni mbao na gundi," nikamwambia.

"Wewe ndiye unayeitengeneza?"

"Mimi naikaza inapovunjika."

"Basi ikaze, mwanangu. Mimi siwezi kukaa chini yake."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo, hasira ya Mama naijua namna ya kuipoza.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia Henrik siku ileile. Nilimwambia mama anaumwa, amekwenda kwa kaka yake. Yeye alihamisha ndege zake kwenye kiwanja kingine mbali zaidi, kwa sababu za upepo, na mimi nikajidanganya kwamba yataisha yenyewe. Tena nitasema ukweli, kazi ile ilinichukua. Nilikuwa sijawahi kupewa kitu ambacho kosa lake linaonekana papo hapo. Mlango ukiukosea, mwenye nyumba anausukuma kwa bega miaka kumi, amezoea. Jeti ukiikosea, haikupi hata dakika.

Sasa kuhusu miguu, maana ndicho kilichowashinda. Jeti za kununua zilitengenezwa kutua kwenye lami. Sisi lami tuliisikia redioni. Uwanja wetu ulikuwa na vichuguu na nyayo za ng'ombe zilizokauka zikawa mawe. Mguu ni waya mnene wa chuma, umefungwa kwenye kibao cha plaiwudi, na kibao kimegandishwa ndani ya tumbo. Mara ya pili tu kutua, kibao kikapasuka. Henrik akaniletea, akasema, "Laurenti, hapa pawe imara."

Imara? Nikafurahi. Nikatafuta kipande cha mvule kilichobaki kwenye mlango wa ofisi, nikakiranda, nikakiweka kinene kama kidole gumba, gundi pande zote. Nikajisifia: hiki akivunje tembo. Jumapili jeti ikatua, ikagonga kichuguu. Kibao hakikupata hata mkwaruzo. Kilitoka kizima na mguu wake, kikaondoka na tumbo lote, na betri ikaangukia nyasini. Henrik alichuchumaa pale, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha darasani, "Shati lako likichanika, mke wako akaweka kiraka cha turubai, litachanika wapi tena?"

"Pembeni ya kiraka."

"Basi umeweka turubai."

Hilo ndilo somo lenyewe, vijana, mengine ni maelezo tu. Ukipafanya mahali pamoja pagumu ghafla, nguvu haipotei. Inahama kwa jirani yake aliye laini, na inamkuta hajajiandaa. Kwa hiyo usikaze nukta, kaza mtaa. Kibao kiwe chembamba lakini kipana. Pembeni zake usizikate wima, zirande zipungue kidogo kidogo mpaka kidole kikipita kisijikwae. Juu weka kitambaa cha glasi, kile cha nyuzi za kioo, ukilowe gundi: cha kwanza kikubwa, cha pili kidogo kuliko hicho, cha tatu kidogo zaidi, ili unene uishe kwa ngazi. Nyuzi za kitambaa kimoja zilale kwa mshazari juu ya nyuzi za mwenzake. Pale kibao kinapokutana na ukuta wa tumbo, weka vipembetatu vya mbao, kama vile mnavyoona chini ya rafu. Na nyufa msizifukie kwa gundi tu. Tafuta mwisho wa ufa, toboa kitundu kidogo pale ili usiendelee kutembea, ndipo uzibe.

Gundi nayo ina tabia zake. Ile ya mirija miwili haikauki kwenye baridi yetu ya mwezi wa saba. Unailalisha jioni, asubuhi unaikuta bado inanata kama asali. Nilipochoka kusubiri niliweka bawa juu ya jiko la mkaa, mbali kidogo, nikaenda kunywa chai. Ndani ya bawa lile mlikuwa na foam, kama hiyo ya maboksi yenu ya samaki, siyo mbao. Niliporudi lilikuwa limenywea. Henrik akaligeuza huku na huku, akasema, "Leo hatuna bawa, tuna chapati." Tangu hapo gundi yangu nilikuwa naipasha kwa kuifungia kwenye boksi pamoja na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa gunia. Hata ninyi fanyeni hivyo.

Mbao nyepesi za balsa zilipoisha, tulikausha mafunjo kutoka bonde la mto, tukatumia moyo wake kujazia mahali pasipobeba kitu. Mbavu za mwavuli ziligeuka vyuma vya kusukumia usukani wa mkia. Wanawake wa ofisini walianza kuficha miavuli yao wakiniona.

Na uzito! Kila kijana anayeanza ana ugonjwa wa kukaza kila kitu. Nami niliugua. Mkia ulikuwa unatetemeka jeti ikienda kasi, nikaupaka matabaka ya glasi mpaka ukawa mgumu kama sahani. Ikaruka, ikainua pua, ikasimama angani kama mtu aliyesahau alichofuata, ikaanguka. Mkia uko mbali na katikati, kwa hiyo kidogo unachoongeza nyuma utakilipa mbele mara kadhaa. Kabla ya kurusha, iinue kwa vidole viwili chini ya mabawa. Ikiinamisha pua kidogo, sawa. Ikikaa kitako, irudishe nyumbani.

Jambo la mwisho la miguu nililielewa baada ya ajali nyingi. Kuna wakati huwezi kuzuia kitu kivunjike, basi chagua wewe kitakachovunjika. Henrik alifunga miguu kwa bolti za plastiki ambazo zinakatika kabla tumbo halijaumia. Zilipoisha, na huku hazipatikani hata Bukoba, nilichonga vijiti vya mianzi vyembamba badala yake. Jeti ikigonga, kijiti kinakatika, mguu unaachia, tumbo linateleza kwenye nyasi likiwa zima. Unachonga kingine, unarusha tena. Nilivijaribu kwa kuvining'inizia mawe mpaka nikajua unene gani unakatika wakati gani.

Muda wote huo Mama alikuwa Mabira. Nilikwenda kumwona kila nilipopata nafasi, kwa baiskeli, nikifika nimechoka hoi. Alinipikia matoke, aliniuliza habari za kibanja, nani anapunguza machipukizi, nani anafunika mashina. Nikimwambia turudi, anabadilisha mazungumzo. Mjomba Sospeter, mtu asiyejua kunong'ona, alinisindikiza siku moja mpaka barabarani akanipasulia.

"Mama yako anakonda. Anakaa nyumbani kwa watu na ana mtoto mzima mwenye kibanja. Wewe unachezea ndege na mzungu. Ni aibu, Laurenti."

"Nimemwambia ni mchezo, mjomba."

"Umemwambia wewe. Yeye umemuuliza?"

Niliendesha baiskeli mpaka Kayanga. Jumatatu nikamweleza Henrik yote: Adela, maharage, majani ya migomba, yote. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa amekaa nasi miaka na hakuna aliyemwambia watu wale walikimbia kwa sababu gani. Alidhani walishangaa tu. Akaenda stoo, akaleta yale makreti, akaanza kupanga mabawa ndani. Nikamsaidia kufunga vifuniko. Niseme ilivyokuwa: niliumia. Nilikuwa nagongomea misumari kwenye kazi ya mikono yangu, na nilijua ndivyo inavyotakiwa.

Jumamosi nikampelekea Mama habari. Nilidhani atafurahi.

"Mama, imekwisha. Bwana Henrik amezifungia. Hazitaruka tena. Turudi nyumbani."

Akaendelea kusuka kikapu chake. Halafu akasema, "Niletee niione."

"Nini?"

"Hiyo ndege. Mimi sijawahi kuiona ndege. Nimezisikia tu."

Wiki iliyofuata tulikwenda na pikapu ya mradi, mimi na Henrik, kreti moja nyuma. Mjomba alitandika mkeka ndani ya nyumba, siyo uani, kwa sababu Mama alisema hivyo. Henrik akamwamkia, "Shikamoo, Mama," akavua viatu, akaketi chini miguu yake mirefu ikikosa pa kwenda. Wakatupatia kahawa za kutafuna. Nikaitoa jeti, nikaivisha mabawa, nikaiweka mbele ya Mama. Mtu mzima yule alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Baadaye akasogea mwenyewe, akaigusa pua kwa kidole kimoja.

Aligusa kila mahali. Bomba, mabawa, mkia. Akaipindua, akapitisha kidole tumboni nilipokuwa nimekaza, akauliza huu ni mti gani, huu uzi gani. Nikamjibu kama ninavyowajibu ninyi. Akainyanyua. "Nyepesi," akasema, kama anayelalamika. Kisha akauliza, "Anayeiendesha anakaa wapi?"

Nikamwambia hakuna aliye ndani, anasimama chini na kijisanduku. Akamgeukia Henrik, akasema nitafsiri, kwa sababu alikuwa anasema kwa lugha yetu ya nyumbani.

"Muulize, ukiwa unaiendesha, unawaona watu walioko chini?"

"Nawaona, Mama," Henrik akasema. "Nimesimama pamoja nao."

"Ungeniona mimi shambani?"

"Ningekuona."

"Muulize na wale. Wale wa ndege za Kyaka walimwona Adela?"

Hilo nilishindwa kulitafsiri. Lakini jina Henrik alilisikia, na nilikuwa nimekwisha kumweleza. Uso wake ulikuwa mwekundu. Akasema polepole, kwa Kiswahili, "Mama, sijui. Labda hawakumwona. Labda walimwona. Mimi sijui."

Mpaka siku ile, kila mtu alikuwa amempa Mama jibu. Padri alimpa lake, majirani waliompa pole walimpa lao, mimi mwanawe ndiye niliyempa mengi kuliko wote. Huyu alikuwa wa kwanza kumwambia hajui. Akaifunika jeti kwa kanga, kama mtu anavyofunika mtoto aliyelala, akasema, "Irusheni. Lakini nisimame pale anaposimama yeye."

Tulikwenda Bweranyange Jumapili. Safari hii nilipita nyumba kwa nyumba tangu asubuhi kuwaambia watu, hata mwenyekiti, ambaye alisema hakumbuki habari ya shimo lolote. Mama alikuja na Henrik kwenye pikapu. Alishuka ukingoni mwa malisho, pale migomba inapoishia, akamwambia Henrik asimame hapohapo. Henrik akasimama hapohapo, majani yakimgonga kichwani. Mama akamshika mkono wa shati.

Injini ikalia. Nilikuwa namtazama yeye, sikuitazama jeti. Ilipopita juu ya vichwa vyetu alifumba macho, akayumba, nikataka kumdaka, akanitikisia kichwa. Ikazunguka. Mara ya pili alifungua macho. Mara ya tatu alikuwa anaifuata kwa kidole, akimwambia Henrik kwa lugha ambayo Henrik haielewi, "Kushoto, kuna ng'ombe. Kuna mtoto kule, umemwona? Umemwona?" Naye Henrik alikuwa anajibu, "Namwona, Mama, namwona," bila kutafsiriwa na mtu.

Ikaja kutua. Ikagonga kichuguu, vijiti vikakatika, mguu ukaruka upande wake, tumbo likateleza mbali kwenye nyasi, likatulia katikati kabisa ya malisho. Injini ikazima. Nikaanza kwenda kuiokota, maana ndiyo kazi yangu.

"Kaa," Mama akasema.

Akauachia mkono wa Henrik, akatoka migombani. Alitembea peupe peke yake, jua likimpiga, wala hakuharakisha. Njiani alisimama, akainua uso akalitazama anga lote, upande huu na upande ule, halafu akaendelea. Mimi nilikuwa nalia mbele ya kijiji kizima na sikujifuta. Alipofika aliinama, akaiokota jeti, akaiweka kwapani kama anavyobeba kuku, akautafuta na mguu wake nyasini mpaka akaupata. Akarudi kwa njia ileile ya katikati.

Akanikabidhi vyote viwili.

"Hii utaikaza," akasema. "Na kesho nenda Mabira, mwambie mjomba wako akupe kifurushi changu. Maharage hayajapaliliwa hapa."